Kutoka rithimu ya dansi hadi roki: nilivyolifanya gitaa lingurume

Mpiga rithimu wa dansi akiingia roki, kosa lake la kwanza ni kununua pedali ya distoshoni (kifaa cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti) na kuifungulia geini, yaani nguvu ya mkwaruzo, mpaka mwisho. Mimi pia nilianza hivyo. Kinachotoka hapo si ngurumo, ni kelele ya mchanga kwenye sufuria, na ukipiga chodi kamili ya A hujui kama ni A au ni D. Nilirudisha geini hadi karibu nusu, kisha nikabadilisha chodi zenyewe.

Sababu iko kwenye hesabu. Chodi ya A ya kawaida ina uzi wa tano mtupu, mitetemo 110 kwa sekunde, halafu E ya 165, A ya 220 na C# ya 277. Distoshoni hairembi sauti tu, inazaa nyingine mpya kutokana na tofauti zake. 165 kutoa 110 ni 55. 220 kutoa 165 ni 55 tena, nayo ni A ya chini kabisa, inakaa vizuri. Lakini 277 kutoa 220 ni 57. Sasa 55 na 57 zinagombana, na mgongano huo ndio ule mtikisiko mchafu unaousikia. Ondoa C#. Shika uzi wa tano mtupu, wa nne na wa tatu kwenye freti (kile chuma cha shingoni) ya pili, basi. Hiyo ndiyo chodi ya roki, na melodia waachie mwimbaji na besi.

Nyuzi usizozipiga zisiachwe zikilia. Kwenye gitaa safi la dansi uzi uliosahaulika hausikiki. Kwenye distoshoni unapiga kelele kama yule unaoupiga. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilale kidogo juu ya nyuzi nyembamba. Ukingo wa kiganja cha kulia ukae pale nyuzi zinapotokea kwenye daraja: ukisogea mbele sentimita mbili noti inakufa, ukirudi nyuma ya daraja haizibi kitu. Hapa ndipo muda wangu mwingi wa mazoezi ulikwenda, kuliko kwenye solo.

Gitaa la bei rahisi hupoteza tyuni. Watu hulaumu vikazio, lakini mara nyingi uzi unanasa kwenye mikato ya kile kipande cheupe kilicho juu ya shingo. Ukisikia "tik" unapokaza, ni hapo. Legeza uzi, paka risasi ya penseli kwenye mkato, rudisha. Baada ya hapo linganisha mlio wa kugusa tu juu ya freti ya 12 na noti ya kubonyeza freti hiyohiyo. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha nyuma kile kipande cha daraja kinachobeba uzi huo. Ikiwa chini, sogeza mbele. Tyuni upya kila unapokigusa, na ufanye kazi hii kwa nyuzi mpya, kwani nyuzi zilizochakaa zitakudanganya. Natumia seti ya 10 hadi 46, yaani unene wa nyuzi kwa elfu za inchi. Seti ya 9 inavutika kirahisi, ila mkono uliozoea kukandamiza kwa nguvu huzipandisha noti bila kujua.

Nyumbani nilipunguza sauti za kati na kuongeza besi, nikapata mlio mnene wa kuvutia. Bendi ilipoanza kupiga, gitaa lilitoweka. Besi na ngoma ya mguu ya drams tayari zimeshika chini, sahani zimeshika juu, kwa hiyo nafasi ya gitaa ni katikati. Sasa, nikisoma vitufe kama mshale wa saa, naweka sauti za kati saa nane, yaani juu ya nusu, besi saa tano kasoro, yaani chini ya nusu, na trebo nusu.

Limebaki lile "buu", mlio wa umeme unaovuma kwenye amplifaya. Gitaa lenye pikapu (vile vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi) za koili moja hunasa mitetemo 50 ya umeme wetu. Geuka polepole mbele ya amplifaya utapata upande linakopungua. Pikapu za koili mbili huifuta, kwa kuwa koili zimezungushwa kinyume. Kuna mafundi watakaokushauri ukate waya wa ethi ili buu liishe. Usikubali: nyuzi zako zimeungwa na ethi hiyo, na hitilafu ikitokea, mdomo wako kwenye maikrofoni ndio utakaokamilisha njia ya umeme.