Daiodi Iliyogeuzwa

Jana binti yangu alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, anaongea na bibi yake kwa video. Akailaza simu, akaisimamisha, akailaza tena. Baadaye akaniuliza: "Mama, mbona nikiigeuza haikati?"

Nikarudi maabara, mwaka wetu wa mwisho chuoni.

Mradi wetu ulikuwa antena ya gigahezi 2.45: bamba la shaba la mraba, upande wake karibu sentimeta tatu. Pembe zote nne tulizikata, kisha mbili zinazotazamana kwa mshazari tukazirudishia vipande vyake kupitia daiodi za PIN, vijiswichi vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Daiodi zikizimwa, wimbi hutoka likitikisika kwa mwelekeo mmoja tu. Zikiwashwa, mraba hupoteza ulinganifu wake na wimbi hutoka likijizungusha. Hesabu zilikubali, kompyuta ikakubali. Mezani, wiki mbili nzima, ikagoma.

Tulilaumu dawa ya kuchonga shaba, tukalaumu koili. Fundi wa maabara, mzee wa maneno machache, akauliza tu: "Wanangu, daiodi mmezipima moja moja?"

Hatukuzipima. Ile niliyoilehemu mimi ilikuwa imekaa kinyume. Alama yake ya kathodi, yaani upande hasi, ni ndogo kuliko punje ya ufuta. Nikaibandua, nikaigeuza, moshi wa lehemu ukinichoma macho.

Isha ilikwisha kupita. Mwenzangu akasimama hatua nne mbele yangu na antena ya kupokea, ile ya kawaida ya mwelekeo mmoja. Kwanza daiodi tukaziacha zimezimwa. Akaanza kuizungusha taratibu, na mstari wa nguvu ya wimbi kwenye skrini ukateremka. Alipofika nyuzi 90 ukadidimia kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Nikawasha swichi. Mstari ukapanda. "Zungusha," nikamwambia. Robo. Nusu. Mzunguko mzima. Mstari ukayumba kidogo, ukakaa. Akazungusha tena bila kuambiwa, na tena, hasemi kitu, na mimi kidole hakitoki kwenye swichi, naogopa nikikiondoa tutapoteza kila kitu. Mzee alikuwa mlangoni na funguo mkononi. Hakutuharakisha.

Tulikuwa tumetoa nusu ya nguvu, desibeli 3, maana antena ya mwelekeo mmoja hudaka nusu tu ya wimbi linalozunguka. Lakini nusu ile haikutuacha, mkono ugeuke vipi. Nimeiwaza nusu hiyo miaka mingi, hata katika mambo yasiyohusu antena kabisa, na sijajua bado kama ni hasara au la.

Binti nilimweleza habari za minara ya simu: kwamba antena zake nyingi huwekwa mshazari, nyuzi 45 kulia na 45 kushoto, na kuta za nyumba nazo huyapinda mawimbi njiani, kwa hiyo simu ikilala haikosi cha kudaka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na ile yenu, iko wapi?"

Nikamwonyesha ukubwa wake kwa vidole.