Kumbukumbu ya mradi: ubavu mpya wa kanisa letu

Kazi yenyewe ni kutoboa ukuta wa kaskazini, kuongeza ubavu wa kwaya na akina mama wenye watoto wachanga, kisha kukarabati kuta za zamani. Ibada haisimami, na hilo ndilo linalopanga ratiba yote. Kila Jumamosi jioni mafundi hufagia, hufunika mashimo kwa mbao, na kesho yake waumini huingia kama kawaida.

Msingi

Hapa kamati ilibishana kuliko mahali pengine popote. Wapo waliotaka msingi mpya ufungwe na wa zamani kwa nondo, ili liwe jengo moja. Mhandisi alikataa, nami niko upande wake. Jengo la zamani limeshatulia, udongo wake umeshabanwa na uzito wa miaka mingi. Jipya bado litatitia kidogo kadiri kuta na paa vinavyoongezeka. Ukiyafunga pamoja, linaloshuka litalivuta lililokaa, na ufa utajichagulia mahali pa kutokea.

Kwa hiyo kati ya kuta hizo mbili tumeacha mwanya, tukaujaza povu linalobonyea. Juu yake litapigwa bati jembamba, misumari upande mmoja tu. Mzee mmoja wa kanisa kila akipita anauliza kwa nini upande wa pili haujapigiliwa. Ukipigiliwa, tumefunga tena kile tulichokiachanisha.

Mtaro nao haukuchimbwa wote kwa mpigo. Kando ya msingi wa zamani ulichimbwa vipande vipande, na kila kipande kilimwagwa zege kabla ya kufungua cha jirani yake, ili udongo unaoshikilia ukuta usibaki wazi.

Kutoboa ukuta

Kwanza boriti fupi zilipenyezwa ukutani juu ya mahali pa uwazi na kuegemezwa kwenye mirunda pande zote mbili. Ndipo matofali ya chini yakatolewa na linta, yaani boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya uwazi, ikamwagwa. Baada ya wiki moja vijana walitaka kuondoa mirunda, maana harusi ilikuwa imekaribia. Zege likimwagiliwa vizuri hufikia takriban theluthi mbili ya nguvu zake ndani ya siku 7, lakini kipimo cha kawaida ni cha siku 28, na juu ya linta ile kuna ukuta na paa. Mirunda ikabaki, ikavishwa vitambaa vyeupe, na maharusi wakapita katikati yake. Picha zimetoka vizuri, kusema kweli.

Kuta za zamani

Zimejengwa kwa matofali na chokaa, lakini kuna aliyezipiga lipu ya saruji miaka ya nyuma. Unyevu unaopanda kutoka chini ukakosa pa kutokea, lipu ikavimba na kubanduka. Tumeifumua, kuta zinaachwa zikauke, kisha itapigwa lipu ya chokaa. Mifereji ya paa imerekebishwa kabla ya yote hayo.

Sauti

Tangu uwazi ufunguliwe, mahubiri yanarudi kwa mwangwi. Wengi wanadai spika kubwa zaidi. Mimi napinga. Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa ukumbi wa mihadhara ambao maneno hayakusikika vizuri. Alichofanya ni kuingiza mito ya viti usiku na kupima sauti inachukua muda gani kufifia. Aligundua kwamba muda huo huongezeka ukumbi unapokuwa mkubwa, na hupungua vinapoongezeka vitu vya kunyonya sauti, watu wakiwemo. Sisi tumeongeza ukubwa, na ubavu mpya ni zege tupu. Spika kubwa itakuza mwangwi uleule. Nimependekeza mapazia mazito ukuta wa nyuma na mito kwenye mabenchi. Kamati imekubali mapazia, mito bado wanaijadili.

Kinachofuata ni dari. Fundi umeme anaingia kwanza, akiwa na mchoro wa mahali pa kila taa na kila kipaza sauti, na kiongozi wa kwaya ameombwa ausaini kabla ubao wa kwanza haujapigwa.