Mgongo wa kiwandani: kairopraktiki ilinifikisha wapi, na mazoezi yakanivusha vipi

Tunaoishi upande huu wa mto Mississippi, Rock Island na Moline, jimbo la Illinois, Marekani, tunaijua kazi ya kiwanda cha nyama, maana nyumba nyingi za Wakongo na Warundi zina mtu aliyepita huko. Kwa asiyeijua: unasimama mahali pamoja shifti nzima ndani ya baridi, kisu mkononi, kiuno kimeinama kidogo kuelekea kwenye laini, na nyama inapita bila kumsubiri mtu. Baada ya miaka kadhaa kiuno changu kilianza kukaza asubuhi. Kisha maumivu yakashuka hadi takoni. Ikafika nikashindwa kuinama kumfunga mwanangu kamba za viatu.

Mama yangu alinichua kwa mawese ya moto, kama alivyokuwa akiwachua watu kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kwa kweli mikono yake ilinipa usingizi. Lakini asubuhi kiuno kilikuwa kilekile. Kazini wenzangu walinishauri nifunge mkanda mpana wa kiuno. Siwalaumu, maana mkanda unampa mtu moyo, ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unasema mikanda hiyo isitumiwe kama tiba ya kawaida. Mwongozo huohuo unataja mambo yanayoweza kusaidia: mazoezi, elimu ya kujitunza, kuchuliwa, na tiba ya mikono kwenye uti wa mgongo, ambayo ndiyo kazi kubwa ya wataalamu wa kairopraktiki.

Sisi tuna bahati ya pekee, kwa sababu kairopraktiki ilizaliwa hapa jirani. Ukivuka daraja la Centennial unaingia Davenport, Iowa, mji ambao Daniel David Palmer alimshika mgongo Harvey Lillard mwaka 1895. Lillard alikuwa Mmarekani mweusi, mfanya usafi wa jengo alimokuwa Palmer, na masikio yake yalikuwa mazito. Palmer alidai kwamba kwa kusukuma pingili moja ya uti wa mgongo alimrudishia kusikia. Kutokana na hapo akajenga imani kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na pingili zilizokaa vibaya. Mwaka 1897 alianzisha chuo, na mwaka 1906 alifungwa jela kwa kutibu watu bila leseni. Chuo chake bado kipo juu ya kile kilima, na kina kliniki ambamo wanafunzi wanatibu chini ya macho ya madaktari wao.

Nayasimulia haya kwa sababu yanamsaidia mgonjwa kupambanua. Kwa maumivu ya kiuno, tiba ile ina ushahidi wa kuniridhisha: inapunguza maumivu kwa kiasi, na haiyapiti sana mazoezi wala tiba nyingine nzuri. Kwa pumu, kisukari au shinikizo la damu, msikubali. Mtu akiwaambia atanyoosha uti wa mgongo wa mtoto ili asipate magonjwa, mchukueni mtoto wenu mwondoke.

Siku ya kwanza katika kliniki ile ya chuo sikuguswa mgongo kwa muda mrefu. Nilikaa na binti mmoja mwanafunzi, daktari anayemsimamia, na mkalimani wa Kiswahili kwenye simu. Maswali yalikuwa mengi. Maumivu yanashuka hadi chini ya goti? Mguu unalegea? Nimepungua uzito, napata homa, natoka jasho usiku? Niliwahi kuugua kifua kikuu? Hili la mwisho liliniridhisha sana, kwa sababu sisi tunaotoka kwenye makambi tunajua watu waliokuwa na kifua kikuu cha mifupa ya mgongo wakidhani ni uchovu wa jembe. Kisha mkalimani akasita kidogo. "Mama, unisamehe, ni lazima nikuulize kama alivyosema. Je, unahisi ganzi sehemu za siri, au mkojo unakutoka bila kujua?" Nikamjibu, "Hapana, baba, hilo halipo." Kina mama wenzangu, swali hilo msilionee haya. Ganzi ya sehemu hizo, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, na miguu kulegea ni dharura ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu neva za chini ya uti wa mgongo zikibanwa kwa muda mrefu huenda zisirudi. Hapo si pa kuchuliwa wala kusukumwa na mtu yeyote.

Kwa kuwa sikuwa na dalili hizo, hawakuniharakisha kupiga eksirei. Daktari alieleza kwamba picha za watu wengi wasio na maumivu yoyote huonyesha visahani vya kati ya pingili vilivyochakaa, kwa hiyo picha peke yake ingenitia hofu bila kunipa dawa.

Tiba yenyewe ni fupi. Nililazwa ubavu, goti la juu likakunjwa, bega likashikwa, kisha msukumo mmoja wa haraka kwenye kiuno. Ukasikika mlio. Kanisani kwetu ndio unaowatisha watu, wanasema mifupa inavunjwa. Haivunjwi. Ndani ya kiungo kuna majimaji, na nyuso za kiungo zinapoachana ghafla uwazi wenye gesi hutokea, na hapo ndipo mlio husikika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walilionyesha hilo mwaka 2015 kwa picha za MRI za vidole vikivutwa. Mlio si kipimo cha uponyaji pia. Kuna siku hakukuwa na mlio na nilitoka nikiwa nafuu vilevile. Siku iliyofuata niliona maumivu ya misuli, kama walivyoniambia, yakaisha yenyewe.

Shingo nilikataa isisukumwe. Haikuwa inaniuma, na kuna hatari ndogo, nadra lakini kubwa ikitokea, ya mshipa wa damu wa shingoni kuchanika na kuleta kiharusi. Daktari hakubishana nami. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba tiba ni ya wiki chache, kisha tupime: je, nainama zaidi, nalala vizuri zaidi, nafunga viatu vya mtoto? Ukiuziwa kifurushi cha mwaka mzima siku ya kwanza, kabla hata haijajulikana kama tiba inakufaa, omba muda wa kufikiri.

Ilinisaidia. Nilipata siku mbili tatu za wepesi kila baada ya kusukumwa. Ni katika siku hizo za wepesi ndipo yule binti alinipa kazi yenyewe ya kufanya: mazoezi matatu yanayohusishwa na Profesa mstaafu Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada. Nayafanya kwenye mkeka, asubuhi kabla watoto hawajaamka. La kwanza, unalala chali, mguu mmoja umekunjwa, viganja chini ya kiuno, unanyanyua kichwa na mabega kidogo tu bila kukunja mgongo. La pili, unalala ubavu ukiegemea kiwiko, unainua nyonga kutoka chini. Mwanzoni magoti yanabaki mkekani. La tatu ndilo nilipendalo: unapiga magoti na mikono, kisha unanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, tumbo limekazwa, kiuno hakitikisiki. Kila mara unakaa hesabu ya kumi, unapumzika, unarudia. Lengo lake ni misuli ivumilie muda mrefu, na uvumilivu huo ndio unaotakiwa na kazi ya laini kiwandani.

Akanifundisha pia kuinua boksi kwa kuinamia nyonga, makalio yakirudi nyuma na mgongo ukibaki umenyooka. Nilicheka kwa furaha. Hivyo ndivyo bibi yangu alivyopanda maharage kutwa nzima hadi uzeeni. Mwili wangu ulikuwa unalijua jambo hilo tangu utotoni.

Halafu kutembea. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Lancet, watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea, wakiongeza kidogokidogo hadi dakika 30 mara 5 kwa wiki, walikaa siku 208 kwa wastani wa katikati kabla maumivu kurudi; wasiopewa, siku 112. Na kutembea ni bure. Mimi na jirani yangu tunatembea kandokando ya mto, Moline, kwenye njia ya Ben Butterworth, naye anazungumza Kibembe njia nzima. Januari barafu ikifunga njia tunaingia kwenye jengo la maduka na kuzunguka ndani. Kuanguka kwenye barafu kungeharibu yote.

Kazini niliomba kibao kidogo cha kupandishia mguu mmoja, na kubadilishana nafasi na wenzangu. Lilichukua muda kukubaliwa, ila lilikubaliwa. Wenzangu wa Illinois, maumivu yakitokana na kazi mtaarifu mwajiri, tena kwa maandishi. Sheria ya fidia ya jimbo letu inatoa siku 45 tangu kuumia, na ukikaa kimya unaweza kupoteza haki yako.

Majira ya baridi yaliyopita kiuno kilinikamata tena. Safari hii sikulala kitandani. Nilipunguza mwendo nikaendelea kutembea, mama akanichua jioni, mazoezi nikayafanya kwa uchache, na kikaachia bila kuvuka daraja. Kikigoma siku nyingine, nitavuka.

Ukipiga simu kuomba miadi, tamka kwanza kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia bila malipo, na mtoto wako asifanywe mkalimani wa maswali yale niliyoulizwa mimi.