Sazerac yangu ilipopata rai

Mwezi wangu wa kwanza kaunta ya baa huku New Orleans, Marekani, Sazerac (kokteli ya wiski) nilizochanganya zilikuwa zinarudi zimebaki nusu glasi. Mzee mmoja, mteja wa kila Ijumaa, ndiye aliyenieleza kwa upole: "Kijana wangu, hii ni tamu mno."

Iliniuma, maana Sazerac ndiyo kokteli rasmi ya mji huu tangu 2008. Nikapunguza sukari, ikapwaya. Nikaongeza bita ya Peychaud's, matone machungu ya mimea, ile nyekundu yenye asili kwa mfamasia wa mji huu huu, ikawa kama dawa ya kikohozi.

Kumbe tatizo lilikuwa wiski. Nilikuwa natumia bourbon kwa sababu ndiyo iliyokaa karibu na mkono. Siku moja kabla hatujafungua nikamimina bourbon kidogo, na pembeni yake wiski ya rai, nikaonja moja baada ya nyingine. Sheria ya Marekani inataka bourbon itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi. Kwa rai, angalau asilimia 51 iwe rai yenyewe, nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano. Zote hulazwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Bourbon ilinijia na utamu wa sukari guru. Rai ilikuwa kavu, ikawasha nyuma ya ulimi kama pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi. Hapo nikaelewa: sukari inataka mtu wa kushindana naye.

Na Manhattan, kokteli nyingine ya wiski, ni vivyo hivyo, kwa vile vermuti nyekundu inayotiwa humo, divai yenye viungo, ni tamu tayari. Rai ilififia baada ya pombe kupigwa marufuku Marekani, 1920 hadi 1933, na wengi wetu tukazoea bourbon. Naona ni hasara kubwa.

Nikachagua rai yenye kileo cha asilimia 50, kwani barafu huongeza maji. Mililita 60, kipande cha sukari kilichopondwa na bita, nikakoroga na barafu nusu dakika bila kutikisa. Glasi ya baridi nikaisuuza kwa absinthe, pombe kali yenye ladha ya anisi, nikachujia humo bila barafu, nikakamulia ganda la limau juu.

Ijumaa mzee akainusa kwanza. Akanywa yote taratibu, kisha akaomba nimwonyeshe chupa.