Jinsi nilivyokuza mwani katika maji yenye fosfeti nyingi

Mto Kahuwa hupita katikati ya Bukavu ukibeba maji ya sabuni na ya vyoo hadi Ziwa Kivu, na ni pembeni yake nilikochota bidoni ya kwanza ya maji ya kijani. Nilitaka kuelewa kwa nini mwani mdogo haufi mahali ambapo fosfeti, chumvi ya fosforasi iletwayo na maji machafu kama hayo, imezidi sana.

Jaribio la kwanza liliharibika. Nilitia chumvi ya fosfeti ya potasiamu katika chupa tatu, na baada ya siku nne ukijani ulikuwa umefifia ukawa manjano. Nilikaribia kuandika kwamba fosfeti ni sumu kwa mwani, mpaka nilipochovya karatasi ya kupimia asidi ikageuka nyekundu. Chumvi ile, yenye haidrojeni mbili, hushusha pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi) hadi karibu 4.5; kilichoudhuru mwani ni ukali wa asidi. Nilipoichanganya na ile ya haidrojeni moja hadi pH ikafika 7, mwani ulistawi katika fosfeti ileile. Hata maji ya kukuzia Chlorella, aina ya mwani mdogo wa kijani, maabarani huweza kuwa na miligramu 50 hivi za fosforasi kwa lita, kiasi kinachozidi kwa mbali maji machafu ya kawaida ya mjini.

Nguvu ya mwani iko katika akiba. Seli huunga fosfeti moja kwa nyingine kuwa minyororo ya polifosfeti, ikaificha katika vifuko vyake, isivuruge kazi nyingine za seli. Niliuacha mwani wiki nzima bila fosfeti, nikairudisha, kisha nikatia tone la rangi ya buluu ya toluidini: chini ya hadubini, ndani ya seli za buluu, zilionekana punje za zambarau iliyoelekea wekundu. Nilizitazama hadi mwanga wa dirishani ukaisha.

Hata hivyo, si fosfeti yote iliyopungua iliyoliwa. Mchana mwani hufyonza kaboni dioksidi, pH hupanda, na sehemu ya fosfeti hushikana na kalisi ikatua chini kama unga mweupe. Kwa hiyo sasa hupima pH kila jioni kabla ya kuhesabu chochote, kisha huuacha mwani utuame gizani, nikamwaga maji ya juu na kuuvuna ungali hai, maana seli ikioza huirudisha akiba yake majini.