Steshenari na Herufi Moja Inayosumbua Mabango Yetu

Mtu akitoka Mnara wa Saa wa Arusha akafuata Barabara ya Sokoine hadi Kilombero, kisha akakata kuingia mitaa ya Kaloleni, atapita maduka mengi yanayotoa fotokopi, yanayouza madaftari na rimu za karatasi, yanayochapa barua za maombi ya kazi na kupiga vyeti laminesheni, na juu ya milango ya baadhi yake ataona neno "STATIONARY" limeandikwa kwa herufi kubwa. Duka la namna hiyo kwa Kiingereza huandikwa "stationery", kwa E. Neno lenye A lina maana nyingine kabisa: ni sifa ya kitu kilichosimama, kisichosogea, kama lori lililoegeshwa kando ya barabara. Kwa hiyo msomaji makini wa Kiingereza akilisoma bango hilo ataelewa kwamba duka limetulia mahali pake, jambo ambalo ni kweli lakini halimvutii mteja.

Nafanya kazi ya kuhariri nyaraka hapa Arusha, na neno hili hupita mezani kwangu mara kwa mara, hasa katika bajeti za ofisi na maombi ya zabuni. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba chanzo ni watu kutojua Kiingereza. Sikubaliani nao, kwa sababu Waingereza wenyewe hulikosea neno hili, na hawana namna ya kusaidiwa na masikio yao: maneno yote mawili hutamkwa sawasawa, mkazo ukiwa mwanzoni na irabu ile yenye utata ikimezwa hadi isisikike vizuri. Sisi tuna sababu ya ziada. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tulipolipokea neno hilo tukalitamka "steshenari", silabi iliyobeba mkazo ikawa "na". Anayeandika bango anasikia A iliyo wazi kabisa, na kwa kuwa amezoea lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, anaiandika A hiyo bila wasiwasi. Kosa lake ni la kufuata kanuni, ila kanuni aliyoifuata ni ya lugha nyingine.

Tena si neno hili peke yake. Angalia "grosari", "bekari" na "nasari": yote matatu kwa Kiingereza huishia na E kabla ya herufi mbili za mwisho, nasi tumeyapa yote A. Hapo ndipo ninapopata njia ninayoiamini zaidi ya kukumbuka tahajia. Mwoka mikate kwa Kiingereza ni "baker", na mahali pake pa kazi ni "bakery". Muuza vyakula vya nyumbani ni "grocer", na duka lake ni "grocery" (kwamba grosari zetu huuza bia badala ya sukari na unga ni habari nyingine). Vivyo hivyo, muuza karatasi na kalamu ni "stationer", na bidhaa zake ni "stationery". Ukimwona mtu mwenye kazi yake nyuma ya neno, andika E. Lori lililosimama halina mtu wa namna hiyo, basi linabaki na A. Wapo wanaofundisha kwamba E ni ya penseli na A ni ya kusimama, nayo inasaidia, lakini haielezi kwa nini.

Huyo "stationer" ana historia ya kuvutia. Asili ya maneno yote mawili ni Kilatini, kwenye mzizi wenye maana ya kusimama, ambao ndio uliotuletea pia "stesheni" ya reli. Katika Ulaya ya zama za kati, wauzaji wengi walizunguka na bidhaa zao kama wamachinga wetu, lakini wauza vitabu, hasa waliokuwa karibu na vyuo vikuu, walikuwa na vibanda vya kudumu, na kwa sababu hiyo wakaitwa watu wa kituo kimoja. Jijini London waliunda chama chao mwaka 1403, na mwaka 1557 chama hicho kikapewa hati ya kifalme iliyokipa mamlaka makubwa juu ya uchapishaji wa vitabu nchini Uingereza. Baadaye jina la muuzaji likahamia kwenye karatasi, wino na bahasha alizouza. Kumbe duka lile la Kaloleni, kwa asili ya neno, lilipewa jina kwa sababu ya kutotembea, na bango lenye A limekosea tahajia huku likigusa chimbuko.

Hata hivyo chimbuko halimwokoi mwanafunzi. Katika somo la fizikia, mawimbi mawili yanayofanana yakikutana yakitoka pande zinazokabiliana, kama kwenye uzi wa gitaa, hufanya wimbi linaloitwa "stationary wave", na anayeliandika kwa E ameandika wimbi la madaftari. Fomu ya madai ya bima ikiuliza kama gari lilikuwa "stationary" wakati wa ajali, inataka kujua kama lilikuwa limesimama.

Kwa wenye maduka, shauri langu ni kuandika "STESHENARI" tu, kwa kuwa ni Kiswahili na kila mteja analielewa. Nyaraka za serikali hutumia "shajala", neno zuri, ingawa sijasikia mtu akiuliza njiani duka la shajala liko wapi. Anayetaka Kiingereza lazima aikague tahajia kabla ya kusajili jina la biashara, kwa maana jina likishasajiliwa na A, basi muhuri, ankara na akaunti ya benki vyote vitatakiwa kuandikwa kwa A hiyohiyo, na mhasibu wa mteja akiisahihisha kwa nia njema kwenye hundi, benki inaweza kuikataa.