Nilivyoisoma Shahnameh kwa kugonga paja

Nilianza kwa kiburi. Herufi za Kiarabu nilizijua tangu chuoni, nikajiambia Kifarsi ni kuongeza herufi nne tu: pe, che, zhe na gaf. Nikaifungua Shahnameh, utenzi wa Ferdowsi juu ya wafalme na mashujaa wa Iran ya kale, beti 50,000 hivi, alizozimaliza mwaka 1010. Nikakwama pale pale mlangoni: Be nām-e khodāvand-e jān o kherad, "kwa jina la Mola wa roho na akili".

Mimi mtoto wa tenzi. Bibi alizighani huku akichambua mchele, mizani nane kila kipande. Basi nikahesabu kwa vidole: kumi na moja. Kipande cha pili, kumi na moja tena. Hesabu sawa, lakini nikighani haikai.

Mwalimu wangu, Mwirani ninayesoma naye kwa simu, hakunieleza kitu. Aligonga meza: ti-taa-taa, ti-taa-taa, ti-taa-taa, ti-taa. Kumbe mizani yao haihesabiwi tu, inapimwa, fupi na ndefu. Kho fupi, dā ndefu. Tangu siku hiyo sisomi beti bila kugonga paja, hata ndani ya daladala.

Kiarabu changu hakikunifaa sana, maana Ferdowsi alikitumia kwa uchache. Kilichonifaa ni Kiswahili. Katika kisa cha Haftvad, mabinti wanapanda mlimani kusokota nyuzi. Mmoja anaokota tunda la tofaa, ndani mna funza. Na kile wanachosokota ni panbe. Pamba! Nilicheka peke yangu.

Husemwa Ferdowsi ndiye aliyekiokoa Kifarsi baada ya Waarabu kuiteka Iran. Naona anatiliwa chumvi. Mshairi Rudaki alishakitungia mashairi mbele ya wafalme wa ukoo wa Kisamani kabla yake. Ila mwalimu wangu amezaliwa karibu miaka elfu baadaye, na akiisoma Shahnameh, kamusi huifungua mara moja moja tu.

Tulipofika kwenye kisa cha shujaa Rostam na kijana Sohrab, nilisoma mimi. Rostam ameshampiga kijana jambia, hajui ni mwanawe, ndipo kijana anamwambia afungue deraya. Mkononi anaiona ile shanga aliyomwachia mama mtu, amfunge mtoto akizaliwa wa kiume. Sauti ikanikatika. Mwalimu akapokea pale nilipoachia, akaendelea hadi mwisho wa kisa, macho kafumba. Alikishika kwa babu yake, aliniambia baadaye, kabla hajajua kusoma.